Jaribio la malipo ya Bitcoin lianzie kwenye mashine yako

Wenzangu mnaoandika programu za malipo hapa Goma, msikimbilie mtandao wa majaribio wa hadharani. Vijana wengi ninaofanya nao kazi huanzia huko kwa kuwa sarafu zake hazina thamani. Wanasubiri bloku (fungu la miamala iliyothibitishwa) itoke, umeme unakatika, mega zinaisha, na hawajajua kama programu inafanya kazi.

Bitcoin Core, programu ya kujiunga na mtandao wa Bitcoin, ina hali ya majaribio inayoitwa regtest. Mnyororo wa bloku unakuwa wako peke yako: hauhitaji intaneti wala kupakua mamia ya gigabaiti, na bloku unaitengeneza mwenyewe wakati unaoutaka. Washa bitcoind (Bitcoin Core isiyo na dirisha) kwa -regtest, fungua pochi kwa createwallet, chukua anwani (itaanza na bcrt1), kisha tengeneza bloku 101 kwa generatetoaddress. Zawadi ya bloku, yaani sarafu mpya za aliyeitengeneza, haitumiki mpaka nyingine 100 zijengwe juu yake, ndiyo maana utakuwa na bitcoin 50 tu za kutumia, zile za bloku ya kwanza. Ukituma ukaambiwa kukadiria ada kumeshindikana, andika fallbackfee=0.0002 kwenye faili la mipangilio, bitcoin.conf, na uwashe upya. Mnyororo mchanga hauna ada za nyuma za kukadiria.

Sasa tuma malipo, lakini usitengeneze bloku. Angalia programu inamwambia nini mwenye duka. Ikiandika "imelipwa" hapo hapo, mama wa Birere, hapa mjini, atatoa gunia lake la mchele kwa malipo ambayo mnunuzi bado anaweza kuyabadilisha kwa muamala mwingine wenye ada kubwa zaidi.

Tengeneza bloku moja, uthibitisho (hesabu ya bloku kuanzia ile iliyobeba muamala) uwe 1, kisha itengue kwa invalidateblock. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote, na wengi hawalifanyi. Muamala unarudi kwenye foleni ya inayosubiri bloku, uthibitisho unashuka hadi 0. Kwenye mtandao halisi bloku ya juu kabisa huachwa mara moja moja, na huwezi kuagiza litokee ili ulitazame. Programu yako iondoe alama ya "imelipwa" yenyewe, bila mtu kubonyeza kitu.

Kiasi kihifadhiwe kwa satoshi, namba nzima. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python, hupati 0.3 kamili, utaelewa kwa nini nasisitiza.

Hatua hizi zote ziandikeni ziwe jaribio linalojiendesha, likianza na saraka tupu kila mara. Likipita, nendeni signet, mtandao wa majaribio wa hadharani ambako bloku hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, mzoee kusubiri kama mteja atakavyosubiri.