Mtoto yuko darasa la pili na hasomi: itafute silabi inayomkwamisha kabla ya kulipia tuisheni

Ndugu, umeuliza ufanye nini na binti aliye darasa la pili, madaftari yamejaa alama za vema, lakini akipewa maandishi mapya hasomi. Nawe hufiki nyumbani kabla ya saa 1 jioni, na unafikiria tuisheni. Nakujibu kama mtu wa madarasa ya chini: subiri kidogo na hiyo hela. "Hajui kusoma" ni kauli pana mno, mwalimu hajui aishike wapi. "Anakwama kwenye nd na ng'" ni kitu kinachofundishika. Kazi yako kubwa kama mzazi ni kutoka kwenye kauli ya kwanza kufika kwenye ya pili, na hiyo huhitaji ualimu.

Anza kwa kujua kama anasoma au anakariri. Ukurasa ambao darasa zima limeuitikia kwa sauti siku tatu, mtoto anautoa wote bila kutazama herufi. Kwa hiyo funika picha kwa kiganja, mwambie asome mstari wa mwisho kwanza, kisha apande juu. Halafu mwandikie maneno yasiyo na maana: pemu, lusi, dobe. Anayesoma kweli atayatamka, hata kama atacheka. Aliyekariri atakutajia neno lolote analolijua linaloanza na herufi ile, au atakutazama usoni akitafuta jibu humo.

Sasa tafuta anapokwama. Kata boksi vipande vya ukubwa wa kiberiti, au kusanya vizibo vya soda, uandike kwa maka peni silabi moja moja. Mpitishe kwa mpangilio huu: irabu a, e, i, o, u, silabi za konsonanti moja (ma, ba, ka, ta, la…), kisha zile nzito: cha, sha, nya, mba, nda, nja, nga, ng'a, kwa, mwa, dha, tha, gha. Zichanganye, usizipange ma me mi mo mu, maana huo tayari ni wimbo anaoujua. Akikosea kundi moja mara tatu, simama hapo. Umepata pa kuanzia. Yaliyo mbele yake yaache kwanza, hata kama shuleni wameshayapita.

Makosa utakayokutana nayo mara nyingi ni haya. La kwanza, majina ya herufi badala ya sauti: "bi" na "a" havizai "ba" hata uvirudie asubuhi hadi jioni. Mtoto aliyepita chekechea ya Kiingereza huwa na tatizo hili mara mbili, kwa sababu e anaiita "i", na i anaiita "ai". Ndiyo maana "meli" inatoka "mili". Hana uzito wa kichwa, amefundishwa mifumo miwili bila kuambiwa ni miwili. Mtenganishie: herufi hii kwa Kiswahili inalia hivi. La pili ni b na d kugeuzwa. Fundisha moja mpaka ikae ndipo ulete nyingine, usizifundishe siku moja. La tatu ni m inayosimama peke yake, kama katika mtoto na mbwa. Mtoto ameambiwa kila silabi ina irabu, basi anaichomeka na kusoma "mutoto". Mwonyeshe kwa kupiga makofi: m-to-to, makofi matatu.

Muda unaohitajika ni dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Dakika 5 kadi za kundi analokwama, zisizidi silabi 5 mpya kwa wiki. Dakika 7 asome kwa sauti, kidole kikifuata neno. Dakika 3 imla: umtajie maneno manne yenye silabi zilezile, ayaandike bila kuyaona. Usiiruke imla, kwa sababu kunakili ubaoni hakuonyeshi chochote. Mtoto anaweza kunakili hata maandishi ya Kichina. Ukichelewa kurudi, bibi, kaka au dada wa kazi ashike zamu. Na asiyejua kusoma naye anaweza: asikilize mahali sauti inapositasita, kisha aulize, "Habari hiyo inasema nini?" Mtoto akishindwa kueleza, asome tena. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, simu ya kawaida ya kupangusa inatosha.

Fimbo iweke mbali kabisa na dakika hizo. Mtoto anayeogopa hubahatisha haraka ili yaishe, nawe unapoteza ile ramani ya makosa uliyokuwa unaitafuta.

Daftari lisome kwa tarehe. Vema nyingi zinaweza kuwa za kazi iliyonakiliwa tu. Tafuta kosa lililosahihishwa, uone kama masahihisho yalifanyika. Katika hesabu, angalia 43 - 17: akiandika 34, anatoa namba ndogo kwenye kubwa popote ilipo, hajaelewa kukopa. Funga vijiti makumi manne kwa mpira, weka vitatu pembeni, mwambie atoe 17. Atalazimika kufungua fungu moja, na hapo kukopa atakuona kwa macho.

Kama anakosea tu anaponakili ubaoni lakini kitabu anakisoma vizuri, shuku macho. Anayejibu tofauti na alichoulizwa, au sikio linatoa usaha, aende zahanati kwanza. Uliza pia kama shuleni kuna uji na kama anaupata.

Kwa mwalimu usiende na "anaendeleaje?", utajibiwa "anajitahidi". Mwenye darasa la watoto 80 hana jibu jingine la haraka. Nenda wakati wa mapumziko au baada ya vipindi, bila mtoto, na useme: "Mwalimu, nyumbani anakwama kwenye nd na ng'. Wewe unaona nini? Anakaa wapi darasani?" Omba asogezwe mbele, mkubaliane silabi za wiki hiyo, na urudi baada ya wiki 3 na kadi zako.

Usisubiri darasa la tatu. Darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu masomo yanaongezeka na yote yanapitia kwenye kusoma, halafu la nne kuna upimaji wa kitaifa.

Wiki 6 zikipita na kundi lilelile bado linamshinda, hapo mtafute mwalimu wa kumfundisha peke yake au wakiwa watatu. Muulize ataanzia silabi ipi. Akikujibu "tutamalizia mada za muhula", hela yako bado ibaki mfukoni.