Mchezaji wangu aligeuzwa stika: ushauri kwa makocha, wazazi na nyie mnaopiga picha uwanjani

Mwaka jana timu ya kikapu ninayoifundisha ilifungwa kwa pointi moja. Binti mmoja kwenye timu, ana miaka 17, alipokonywa mpira sekunde za mwisho kabisa, filimbi ikalia, akaenda kukaa benchi, taulo kaling'ata mdomoni, macho kayatupa juu kwenye taa. Mtu jukwaani akampiga picha na simu. Saa mbili usiku ile sura ilishakuwa stika ya WhatsApp, imeandikwa "Kesho Jumatatu". Yeye mwenyewe aliipata kwenye grupu la ukoo, katuma shangazi yake ambaye wala hakumtambua maana taulo lilificha nusu ya uso.

Na mimi niliipata kabla yake. Nikaituma kwa makocha wenzangu, nikaweka na emoji za kucheka. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndo sababu naandika haya.

Mi ni mtu wa kikapu toka sekondari, na hizi picha za mastaa nimezisambaza miaka na miaka bila kufikiria. Iliyonifungua macho ni ya LeBron James, staa wa Cleveland enzi hizo. Fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, mwaka 2018, mechi ya kwanza, Cleveland wako Oakland kwa Golden State, huku Dar ilikuwa saa kumi alfajiri ya Juni 1 na nilikesha kuiangalia. Zimebaki sekunde 4.7, Cleveland wako nyuma 107 kwa 106, George Hill wa Cleveland anapiga mitupo huru miwili, wa kwanza unaingia, wa pili unagonga chuma, mwenzake J.R. Smith anaudaka mpira chini ya goli la wapinzani, halafu badala ya kufunga anakimbia nao kurudi katikati! Muda ukaisha 107 kwa 107. LeBron kanyoosha mikono yote miwili kuelekea goli, uso umejaa "unafanya nini wewe?", na hiyo picha ikazunguka dunia nzima kabla sijanywa chai.

Kwa nini ilishika vile? Kwa sababu haihitaji lugha. Mikono inaelekeza kitu, uso unalalamika, na kuna mtu wa pili kwenye picha anayelalamikiwa, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuweka maneno yake: mke na mume, bosi na mfanyakazi, abiria na konda aliyempitisha kituo. Hizi sura zote zinazosambaa ziko hivo, zinasomeka haraka hata zikiwa ndogo kama ukucha, na ukikata mandhari ya nyuma hazipotezi kitu. Yani zinapoteza kitu kimoja tu, mechi yenyewe.

Maana usiku ule LeBron alifunga pointi 51. Hamsini na moja, fainali, ugenini! Baadaye ikatoka video ya benchi, inaonyesha anauliza kama walikuwa bado na taimauti, yani nafasi ya kusimamisha mchezo wajipange, anaambiwa ndio ilikuwepo, anageuza uso pembeni kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wakapoteza muda wa ziada 124 kwa 114, na alipofika chumba cha kubadilishia nguo akapiga ngumi ubao, akaumia mkono wa kulia. Hilo tulilijua baada ya mechi ya nne, walipokuwa wameshafungwa zote nne, akatokea mbele ya waandishi na mkono umefungwa. Sisi siku zote hizo tulikuwa tunatumiana ile picha.

Na ya Michael Jordan akilia mnaijua. Watu wanaibandika kwenye kila timu iliyofungwa, lakini siku alipopigwa hiyo picha, Septemba 2009, Jordan hakufungwa na mtu, alikuwa anaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu, heshima kubwa kuliko zote kwenye huo mchezo. Februari 2020 kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu Kobe Bryant, staa mwenzake wa kikapu, alilia tena mbele ya watu, na pale pale akasema sasa itabidi aangalie meme nyingine, picha ya utani, ya kilio chake. Miaka zaidi ya kumi imepita, mtu yuko msibani, na bado ile picha iko naye.

Sasa huyo ni Jordan, ana pesa na jina na watu wa kumsemea. Binti yangu wa timu ana simu anayotumia pamoja na mama yake.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kosa. Niliandika maneno makali kwenye grupu la mashabiki, na matokeo yake hata ambao hawakuwa wameiona wakaanza kuulizia. Usifanye hivo. Mtafute aliyeiposti kwanza, mpigie, ongea naye kistaarabu. Huyu alikuwa kijana wa mtaani tu, akaomba radhi na akafuta. Stika zilizokwisha kutoka huwezi kuzirudisha, hilo mwambie mtoto ukweli mapema asikae anasubiri.

Alafu usimlazimishe acheke. Kila mtu alikuwa anamwambia "ichukulie poa, umekuwa staa", naye kila akiambiwa hivo ananyamaza zaidi, akakosa mazoezi wiki mbili. Kilichosaidia ni kwamba nilienda kwao na video ya mechi nzima, tukakaa yeye, mama yake na mimi, tukaiangalia mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa kawaibia wapinzani mipira sita. Yeye mwenyewe alikuwa kasahau, alikumbuka ule mmoja tu.

Kwa nyie mnaoendesha kurasa za michezo, staa mtu mzima kwenye mechi ya televisheni ni sawa, mtanieni, ila wekeni na alichofanya dakika arobaini zilizotangulia. Mtoto wa shule, hapana. Ukipata picha nzuri kama ile muulize kwanza yeye na mzazi wake, wakikataa iache kwenye simu yako.

Stika bado inazunguka. Mwezi uliopita nimeiona kwenye grupu la kamati ya harusi, nikamfuata aliyetuma inboksi, nikamwambia huyo ni mtoto wangu wa kikapu, anavaa jezi namba saba, na Jumamosi tuna mechi, karibu uje umuone.