Uvimbe wa pituitari ukitolewa kupitia puani, chunga maji

Pituitari ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kabla ya kukubali kulazwa, hakikisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imepimwa. Uvimbe unaotoa homoni hiyo mara nyingi husinyaa kwa vidonge vya kabergolini, bila kisu.

Kama upasuaji hauepukiki, kamera yenye unene wa milimita 4 hivi hupitishwa tundu la pua, mfupa mwembamba ulio nyuma hutobolewa, na uvimbe hukwanguliwa kidogo kidogo. Kwa kuwa usoni hakuna mshono, jamaa hudhani ni kama kung'oa jino. Wanasahau kwamba neva za macho ziko juu tu ya hapo, na mishipa mikubwa ya damu iko kushoto na kulia.

Ukiinama na maji maangavu yakadondoka puani, au ukahisi chumvi kooni, usiyaite mafua, hata kama ni Julai na Nairobi nzima inapiga chafya. Huenda ni maji ya ubongo, na njia yanakotokea ndiyo vijidudu wanakoingilia. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usipenge kamasi, piga chafya mdomo wazi, omba dawa ya kulainisha choo. Mtungi wa lita 20 abebe mwingine hadi daktari akuruhusu.

Mkojo nao upimwe kwa jagi lenye alama, uandikwe. Ukizidi mililita 250 kwa saa, saa mbili mfululizo, huku kiu haiishi, mwambie nesi: homoni inayozuia maji mwilini imepungua, na dawa yake ipo, desmopresini.

Wengi hunaswa baadaye, kati ya siku ya 4 na ya 10, wakiwa tayari nyumbani. Safari hii mwili hung'ang'ania maji na sodiamu (chumvi) ya damu hushuka: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Duka la dawa litakupa ya maumivu au ya malaria, na shangazi atakuhimiza unywe maji mengi, jambo linalozidisha shida. Panga kupimwa sodiamu siku ya 7; maabara nyingi mjini hufanya. Aliyetoka Lodwar au Garissa na alale kwa ndugu Nairobi hadi majibu yatoke, maana degedege likimpata ndani ya basi hakuna wa kumsaidia.

Ukipewa haidrokotisoni, dawa ya kujazia homoni ya kotisoli ambayo huenda mwili hautoi ya kutosha, usiiache ghafla. Ukitapika vidonge, usisubiri kesho: utahitaji sindano.