Msinionyeshe majani, nionyesheni mizizi

Jana asubuhi nimefika kitaluni kwetu kwa miche ya pichi hapa Utange, Mombasa, nikakuta wawili wenu mnajaza tyubu kwa ule mchanga wa nyuma ya tangi, pale tulipong'oa mabilinganya juzi. Redio iko juu, stori zinaenda, koleo zinaenda. Nikasimama kwenye mwembe nikanyamaza kwanza, maana nilikuwa najiona mwenyewe zamani, hata ile kofia ya kugeuza nyuma ni ileile. Halafu nikapiga ukelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Poleni kwa ukelele. Mchanga mmeurudisha, tyubu mmezimwaga zote, yameisha. Ila kila kundi jipya likija narudia ukelele huohuo na koo si langu tena, bora niandike.

1. Pichi haizai Mombasa. Tuanzie hapo kwa sababu kuna mmoja wenu (mrefu, unajijua) alikuwa anamwahidi mama wa Nyali pichi za kuchuma nyuma ya nyumba, ati "tutaiwekea grinihausi". Sasa grinihausi inaongeza nini, joto au baridi? Mti wa pichi unataka masaa ya baridi chini ya nyuzi 7 ndio macho yake ya maua yaamke, aina zisizotaka makubwa zinatosheka na kama masaa 150, na sisi hapa usiku wa Julai ukijikunyata sana unafika nyuzi 20. Sisi tunalea mche tu. Joto letu linausukuma haraka, ukifika kiasi unapanda basi kwenda bara kwa mwenye baridi yake, huko ndio unaingia grinihausi, na usiku wa Juni mpaka Agosti anaifungua pembeni ili ubaridi uingie. Mama wa Nyali muuzie mlimau.

2. Kokwa. Za Kongowea sokoni zinaota, lakini tafuteni za pichi zilizochelewa kuiva, zile za mwanzo wa msimu mara nyingi kiini hakijakomaa. Vunjeni kwa mshono, polepole, sio nyundo ya fundi wa meli. Loweka usiku mmoja, changanya na mchanga wenye unyevu, weka kwenye friji wiki 8 mpaka 12. Friji, sio friza!! Na kopo liandikwe, mke wangu alinimwagia kokwa mia na ushei akidhani ni tende zilizooza, ilikuwa Ramadhani, sikuweza hata kugomba. Watoto wasitafune viini, vina sumu.

3. Mchanga. Hapa kaeni chini.

Wakati huo ndio nimeanza kujiita bwana miche. Nikapata oda ya miche 240 kutoka kwa mzee mmoja wa Kinangop mwenye grinihausi ya maana, alichoka na mvua ya mawe na ule ugonjwa wa majani kujikunja ambao mvua ikilowesha machipukizi ndio unapata njia, akataka pichi zake ziwe ndani. Akalipa nusu mbele. Nusu ile mimi nikanunua simu. Ya kununulia udongo safi ikawa hakuna, nikaangaza huku na huku nikaona tuta la nyanya zilizokwisha, mchanga laini mweusi umejaa samadi ya mbuzi, nikasema si huu hapa, wa bure.

Miche ikaota vizuri. Wiki ya tano hivi upande mmoja ukadumaa. Majani yanageuka manjano, na saa sita mchana yamenyong'onyea huku tyubu imelowa chapachapa. Sasa mche unanyong'onyea na maji unayo, mtu mwenye akili anajiuliza chini kuna nini. Mzee mmoja alikuja kutafuta miche ya minazi akaniambia, "Mwanangu, ng'oa mmoja utizame." Nikamwambia, "Babu hii ni njaa ya naitrojini." Nikaitia CAN, mbolea ya naitrojini. Na wallahi ikapata rangi! Siku kumi hivi kijani inang'aa, nikaipiga picha kwa simu yangu mpya nikamtumia mteja, akafurahi, akamalizia pesa. Nikapakia kwenye basi la usiku, nikalala usingizi wa tajiri.

Miezi minne baadaye akanitumia picha na yeye. Alikuwa ameng'oa mti mmoja akauosha akaulaza kwenye gunia. Mizizi yote mafundo, dogo, kubwa, dogo, kama mtu amechukua tasbihi nyingi akazikoroga pamoja. Nematodi. Minyoo ya kwenye mizizi, kwa macho huwaoni, wanapenda mchanga na joto, yaani wanapenda Pwani kuliko watalii, na nyanya na bilinganya ndio hoteli yao. Pichi nayo ni laini kwao sana.

Nikaazima koti nikapanda basi kwenda kuona kwa macho yangu. Yule mzee hakufoka. Alinipa chai, akanipitisha mstari baada ya mstari, anainama, anang'oa, ananionyesha, anaenda wa pili. Angefoka ningekuwa nimelala usiku ule. Miche ningemrudishia, na nilimrudishia, simu niliiuza kwa hasara na deni nikalilipa miezi kumi na minne. Lakini minyoo hairudishwi. Alikuwa na udongo safi, mimi ndiye niliyemletea ugonjwa ndani ya nyumba, tena nyumba yenye joto imefunikwa, jike mmoja anataga mayai mamia, ukishawaingiza unawapunguza tu, kuwamaliza huwamalizi. Na babu wa minazi alinambia ng'oa mmoja! Mmoja tu kati ya 240. Niliona uchungu wa kupoteza mche mmoja.

Basi ndio maana nilipiga ukelele.

4. Dawa ya mchanga: lowesha, funika kwa nailoni ANGAVU wiki 4 mpaka 6, fanyeni wakati wa kaskazi jua likiwa halina huruma. Sio nailoni nyeusi, mwaka jana mlinibishia hili mpaka magharibi. Mwenye haraka apike kwenye pipa kwa mvuke, nusu saa, na asiende kununua viazi karai moto ukiwa unawaka.

5. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri na ni letu, minyoo hamna. Ila makumbi yaliyofukiwa ufukweni yana chumvi ya kutosha kupikia wali, osheni mara tatu kwa maji ya mfereji kisha muonje. Naam, muonje kwa ulimi.

6. Maji ya kisima hapana, yana chumvi. Ncha za majani zikiungua kama zimepitishwa kwenye mshumaa, ni kisima hicho, najua mfereji ulikuwa mkavu, mungenipigia simu.

7. Kokwa haizai kama mama yake, kwa hiyo lazima kugrafti, yaani kupachika jicho la pichi nzuri kwenye shina la mche. Shina likifika unene wa penseli ndio wakati, jicho likate na liingie hapohapo, hakuna kupokea simu na kisu mkononi. Ukipata mbegu ya Nemaguard, aina ya pichi ya kufanya shina la chini, ichukue, inahimili nematodi, lakini isiwe sababu ya kurudi nyuma ya tangi.

8. Beseni. Lile jekundu karibu na mfereji sio la kuoshea miguu. Kabla oda haijatoka, kila trei mnang'oa miche mitano, mnaiosha, mnanipigia picha ya mizizi. Najua mnaiita hasara, mmoja wenu jana kanambia kwa adabu kabisa, "Bosi, hii mitano si ni hela?" Ni hela. Yule mzee wa Kinangop siku hizi anapanda kwenye mapipa yaliyoinuliwa juu ya matofali, udongo wa chini haugusi, na bado ananunua kwangu, Mungu amzidishie. Kila shehena ikifika ananipigia, namsikia kwenye simu anamimina maji kwenye beseni lake, ananiambia subiri kijana usikate, na mimi nasubiri.