Fundi ana ufunguo wa simu zetu kwenye flashi

SWALI: Ofisi yetu ya mizigo ina simu 14 za intaneti zinazopita kwenye Asterisk, programu ya seva inayoziunganisha. Jumatatu asubuhi zote ziligoma kujisajili. Fundi wetu yuko safarini. Akanielekeza nizime TLS (usimbaji unaolinda mawasiliano ya simu na seva), nirudi poti (mlango wa mtandao) 5060 isiyo na usimbaji. Zimefanya kazi, ila nina wasiwasi. Tena nakala ya ufunguo wa siri wa seva anayo kwenye flashi yake. Nifanyeje? – Dada wa Tanga

JIBU: Dada, TLS irudi leo hii, usingoje fundi. Wengi hudhani ishara ya simu, yaani ujumbe wa kuunganisha simu ambao TLS huulinda, ni ile "fulani anampigia fulani" tu, ikisomwa hakuna hasara. Kumbe simu nyingi za ofisini zenye SRTP (usimbaji wa sauti yenyewe) hupitisha ufunguo wa sauti humo humo. Nasa ujumbe wa INVITE, ule unaoanzisha simu, kwenye 5060 uone: mstari unaanza na a=crypto, na baada ya neno inline zinafuata herufi 40 mfululizo. Ndio ufunguo wenyewe huo, umening'inizwa kwenye kofuli.

Kilichogoma Jumatatu nadhani ni cheti, kile kitambulisho cha seva ambacho TLS hukitegemea. Vya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, vimezoeleka kuishi siku 90. Programu ya Certbot hukihuisha kimya kimya, lakini Asterisk huweza kubaki na kile ilichosoma ilipowashwa, nacho kikiisha simu zinakikataa. Niliwahi kukesha kwenye hoteli moja nikibadilisha nyaya na swichi, kumbe cheti kipya kimelala kwenye faili mwezi mzima. Tangu hapo, kabla sijagusa kitu naendesha amri ya openssl s_client kwenye poti 5061, ile ya TLS, nisome tarehe ya cheti kinachotolewa kwa simu, si ya kile kilicho kwenye faili. Fundi aweke amri ya kuwasha Asterisk upya usiku kila cheti kinapohuishwa. Barua pepe za onyo msizitegemee. Let's Encrypt waliacha kuzituma mwaka 2025.

Hiyo flashi, wala usigombane naye kuidai, nakala hazihesabiki. Tengenezeni ufunguo mpya na cheti kipya, cha zamani kibatilishwe. Ufunguo wa siri ubaki kwenye seva, faili lake lisomwe na akaunti ya Asterisk pekee. Simu zenyewe hazina haja nao.

Kukiwa na simu moja itakayoendelea kugoma, itazame saa. Umeme ukikatika, nyingine huamka zikidhani ni 1970, na kwao cheti chako bado hakijazaliwa.