Picha ya ubongo ni safi, mkono unazidi kulegea

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ni fundi cherehani hapa Arua, ana miaka 52. Tangu mwezi wa pili mkono wake wa kulia hauna nguvu. Kutunga uzi kwenye sindano hawezi tena, namtungia mimi. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imekwisha, pamebaki shimo. Misuli ya bega inachezacheza yenyewe, ila sindano ikimchoma anaisikia vizuri. Tulipanda basi hadi Kampala, tukalipia MRI ya ubongo, majibu yakasema hakuna tatizo. Lakini daktari anataja ugonjwa wa niuroni za mwendo. Shemeji zangu wanataka tuuze kiwanja, picha irudiwe India. Tufanyeje?
Mama Hawa, Arua

JIBU: Marahaba, Mama Hawa. Kiwanja msikiuze.

Inauma kulipa pesa yote ile, uambiwe hakuna kitu, na mkono unaisha mbele ya macho yako. Lakini picha haikudanganya. Ugonjwa huu huua seli za ubongo na za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli, na MRI haiwezi kuiona seli mojamoja. Mara nyingine huonekana weupe kwenye njia ya amri hizo, au mstari mweusi kwenye gamba la ubongo, ila weupe huo hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa nao. Wagonjwa wengi picha zao hutoka safi. MRI tunaitumia hasa kutafuta kitu kingine kinachojifanya ugonjwa huu.

Ndiyo maana nauliza: shingo ilipigwa picha? Hukuitaja. Pingili za shingo zikilika na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikabana uti wa mgongo, mkono hupungua nyama na miguu hukakamaa. Niliwahi kumpokea mzee mmoja, mkulima, aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa huu akarudi kijijini kungoja siku zake. Tukapiga picha ya shingo, tukakuta uti umebanwa. Akapasuliwa. Mkono haukurudi wote, lakini jembe alilishika tena. Tangu siku ile siandiki jina la ugonjwa huu kwenye faili la mtu mwenye mkono kama wa mumeo kabla sijaiona shingo yake.

Daktari autazame na ulimi, ukiwa umelala ndani ya kinywa, si umetolewa nje. Ukichezacheza hapo ulipotulia na umeanza kukonda, shingo haiwezi kulaumiwa, maana neva za ulimi hutoka juu ya shingo, kwenye shina la ubongo.

Pesa mliyo nayo iende kwenye MRI ya shingo na kipimo cha umeme wa neva na misuli, kile cha sindano nyembamba. Kuna ugonjwa wa neva za mikono unaofanana sana na huu, nao unatibika. Kipimo hicho ndicho kinachoutambua. Damu ipimwe virusi vya UKIMWI na vitamini B12.

Na kwa kuwa ni fundi: kama kipande cha sindano kiliwahi kumvunjikia mwilini, au chuma kumruka jichoni, aseme kabla hajaingizwa kwenye mashine, kwa sababu ile ni sumaku kali. Filamu za kwanza mzibebe. Akianza kupaliwa na maji, msingoje tarehe ya kliniki, mleteni siku hiyohiyo.