Mtoto wa miaka saba asikalishwe asubuhi nzima

Waalaikum salaam, dada yangu wa Wete. Umeuliza kama mwanao wa miaka 7, unayemsomesha nyumbani, lazima akae na daftari tangu saa mbili hadi saa sita kama wenzake wa skuli. Hapana, na tafadhali usimchoshe.

Saa za skuli ni nyingi kwa sababu watoto ni wengi: kuita majina, kungoja wenzake wamalize kunakili, mwalimu kusahihisha madaftari ya darasa zima. Wewe unaye mmoja. Akikosea hesabu ya kutoa, unamwona papo hapo na mnarekebisha. Kwa umri wake saa moja na nusu inatosha, ikizidi sana mbili. Akifika miaka 12 zitakuwa tatu au nne. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza (1842–1923), alitaka kila somo la watoto wadogo lisizidi dakika 20, nami namuunga mkono kabisa.

Halafu jioni anakwenda chuoni kusoma Kurani. Kuhifadhi ni kazi kubwa ya kichwa, ihesabu! Na akitumwa dukani akarudi na chenji sawasawa, hiyo nayo ni hesabu.

Ila hili nalisisitiza: elimu ya msingi kwetu Zanzibar ni ya lazima kisheria. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya mapema, mzungumze hasa habari ya mitihani.

Na ukiona macho yameanza kutangatanga, funga daftari hata kama muda haujatimia.